Ugonjwa wa Milroy

Ugonjwa wa Milroy ni hitilafu ya kurithi ya mishipa ya limfu. Mtu huzaliwa na miguu iliyovimba, au huanza kuvimba katika miezi ya mwanzo ya maisha yake, na uvimbe huo hukaa naye hadi uzeeni. Ni mmoja wa magonjwa yanayojumuishwa katika jina la limfedema za kurithi. Makala haya yanautazama zaidi kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mguu uliovimba unaweza kuwa na asili kadhaa, huku jina moja, matende, likibebeshwa zote.

Sehemu ya maji ya damu huvuja kila siku na kuingia katika nyama za mwili. Mishipa myembamba ya limfu huyanyonya, huyapitisha kwenye tezi (ndizo zinazovimba kinenani na kuitwa mtoki mtu akiwa na kidonda mguuni), kisha huyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Kwa mwenye ugonjwa wa Milroy, mishipa midogo ya miguuni huwa michache, au ipo lakini hainyonyi inavyopaswa. Maji yenye protini hutuama chini ya ngozi. Mwanzoni uvimbe ni laini, na ukibonyezwa kwa kidole huacha shimo. Miaka ikipita, mafuta na nyuzi ngumu hujazana pale, ngozi hukakamaa, na shimo halionekani tena.

Chanzo chake ni kasoro katika jeni iitwayo FLT4, iliyo kwenye kromosomu ya 5. Jeni hiyo hutengeneza protini ya VEGFR-3, ambayo hupokea ishara inayoiamuru mishipa ya limfu iote na kukua. Watafiti waliokuwa wakichunguza familia zenye ugonjwa huu waliikaribia jeni hiyo mwaka 1998, na kufikia mwaka 2000 kasoro zenyewe zilikuwa zimetambuliwa. Nakala moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa, iwe imetoka kwa baba au kwa mama. Kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Hata hivyo, katika kila watu 100 walioirithi, takriban 10 hadi 15 hawavimbi kabisa. Bibi mwenye miguu myembamba anaweza kumpitishia mjukuu ugonjwa bila yeye mwenyewe kujua kuwa anao, na mara nyingine kasoro huzuka upya kwa mtoto ambaye ukoo wake wote ni salama. Jambo hili lafaa lisemwe waziwazi mbele ya wakwe, kwa kuwa lawama ya mtoto kama huyo humwangukia mama upesi mno.

Jina la ugonjwa limetokana na William Forsyth Milroy, daktari wa Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. Mwaka 1892 alichapisha habari za ukoo mmoja alioufahamu kupitia mmisionari aliyekuwa amerudi kutoka India. Katika vizazi 6 alihesabu watu 97, na 22 kati yao walikuwa na uvimbe. Max Nonne alikuwa ameeleza hali kama hiyo Ujerumani mwaka uliotangulia, ndiyo maana baadhi ya vitabu huyataja majina yote mawili. Milroy aliurudia ukoo uleule na kuandika tena habari zake mwaka 1928, uvumilivu ambao ni nadra kuuona kwa tabibu.

Dalili

Uvimbe huanzia juu ya wayo na vidoleni, mara nyingi miguu yote miwili, na kwa kawaida hauvuki goti. Hauumi. Mguu mmoja unaweza kuuzidi mwingine. Kucha za vidole vya miguu huinuka kuelekea juu, na mishipa ya damu ya miguuni huweza kuonekana mikubwa kuliko kawaida. Mganga humkalisha mtoto, kisha hujaribu kuifinya na kuiinua ngozi ya juu, penye shina la kidole cha pili cha mguu. Kwa mtu mzima wa afya ngozi hiyo huinuka kirahisi kati ya vidole viwili vya mpimaji. Ngozi yenye limfedema hukataa kuinuka. Kipimo hiki hakigharimu senti, na kinaweza kufanywa katika zahanati yoyote.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kiume hupata pia busha. Hapo ndipo utambuzi hupotea njia, maana mtu mwenye miguu iliyovimba na busha juu yake huonekana kuwa mgonjwa kamili wa matende ya mbu.

Si matende ya mbu

Matende yanayojulikana zaidi Tanzania husababishwa na minyoo aina ya *Wuchereria bancrofti*, inayoenezwa na mbu. Mzigo wake mkubwa umekuwa katika ukanda wa pwani: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Kingatiba ya kuutokomeza ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, watu wakimezeshwa ivermektini na albendazoli kwa pamoja. Dawa hizo huua vijiminyoo vilivyomo katika damu. Kwa mwenye ugonjwa wa Milroy hazina cha kuua, na miaka ya kingatiba haiwezi kumpunguzia uvimbe hata kidogo.

Hapo zamani uhakika ulitafutwa kwa damu ya usiku, kati ya saa nne na saa nane, wakati vijiminyoo vinapopanda katika damu ya juu. Siku hizi kipo kipimo cha kuchoma kidole kinachofanya kazi saa yoyote. Lakini majibu yake yasiaminiwe peke yake: wengi wenye matende ya siku nyingi hawaonyeshi tena minyoo, kwa hiyo kukosa minyoo hakuthibitishi kwamba ugonjwa ni wa kurithi. Linalotenganisha kwa uhakika zaidi ni umri. Uvimbe wa minyoo huchukua miaka kujitokeza na ni nadra kwa mtoto mdogo. Aliyezaliwa nao hakuupata kwa mbu.

Ngara na Biharamulo

Ngara ni wilaya ya vilima inayopakana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu huingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na ng'ambo ya daraja ndiyo Wilaya ya Kirehe ya Rwanda. Mpaka huo una uzito katika habari hii. Utafiti uliofanyika Rwanda mwaka 2017 ulikuta wagonjwa wa podokoniosisi katika wilaya zote 30 za nchi hiyo. Podokoniosisi ni matende yasiyo ya mbu: chembechembe za udongo hupenya nyayo za mkulima anayetembea na kulima peku kwa miaka mingi, na kuiumiza mishipa ya limfu. Aliyeupa ugonjwa huo jina ni Ernest Price, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Ethiopia, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2011 katika orodha ya yale ambayo Tanzania huyaita magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Uganda nayo, mwaka 2015, wachunguzi waliofuatilia taarifa za matende wilayani Kamwenge walikuta chanzo si mbu, bali udongo na miguu mitupu.

Podokoniosisi nayo ina urithi ndani yake. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2012 uliihusisha na jeni za kinga ya mwili, na ndiyo maana nyumba mbili zinaweza kulima shamba moja, ikavimba moja tu. Kwa hiyo kauli ya kwamba ugonjwa "upo katika ukoo" haitoshi kuthibitisha Milroy. Lazima pia iulizwe kila mmoja alianza kuvimba lini. Ukoo ambao watu wake walivimba ukubwani baada ya miaka ya jembe unaelekeza kwenye udongo. Ukoo ambao watoto wake walivimba kabla hata ya kusimama dede unaelekeza kwenye jeni. Wapo pia wanaoanza kuvimba wakati wa kubalehe, wakiwa na safu ya pili ya kope machoni. Hao wana limfedema nyingine ya kurithi, ya jeni iitwayo FOXC2.

Kwa mtoto mchanga au mdogo, daktari huondoa kwanza magonjwa yanayoweza kuua: utapiamlo wa kwashiako, figo (uso huvimba asubuhi), moyo na ini. Hayo yote huleta uvimbe unaobadilika na mwili unaodhoofika, ilhali mtoto wa Milroy hunyonya, hucheza na kukua kama wenzake. Katika Ngara uchunguzi huo unaweza kuanzia Hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge. Rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Kipimo cha jeni kinasaidia, lakini tiba haingoji majibu yake. Mzee atakayesema mtoto "amekanyaga kitu" hakosekani, na jibu fupi ni kwamba mtoto huyo alivimba kabla hajakanyaga chochote.

Matunzo

Hakuna dawa inayoirekebisha mishipa. Vidonge vya kukojoza, ambavyo wagonjwa hupewa mara kwa mara, havisaidii, kwani hupunguza maji na kuiacha protini palepale. Kinachosaidia ni kazi ya kila siku: kuosha mguu kwa maji safi na sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole, kupaka mafuta ili ngozi isipasuke, kuuinua mguu wakati wa kupumzika, na kufunga bandeji au kuvaa soksi za kubana. Bandeji hukazwa zaidi vidoleni na kulegezwa kadiri inavyopanda. Ikifungwa kinyume huyafungia maji chini. Viatu huleta taabu yake, maana miguu isiyolingana hudai saizi mbili, na familia nyingi hutoboa au hukata kiatu cha mtumba sehemu ya juu ili wayo uingie. Afadhali hivyo kuliko kwenda peku, kwa sababu mkwaruzo mdogo ni mlango wa bakteria.

Mguu ukiwa mwekundu ghafla, ukapata moto na maumivu, na homa ikapanda, huo ni uambukizo wa ngozi na unatibiwa kwa antibayotiki siku hiyohiyo. Kila shambulio huharibu mishipa michache iliyobaki, na anayeshambuliwa mara kwa mara huweza kuwekwa kwenye penisilini ya muda mrefu. Bandeji hufunguliwa hadi maumivu yaishe. Mama mwenye ugonjwa huu anaweza kushika mimba na kujifungua kama kawaida, na kipimo cha ultrasaundi huweza kuonyesha nyayo za mtoto zimejaa kabla hajazaliwa.