Picha Ngapi kwa Nukta Moja? Habari ya Mwendo wa Sanamu katika Sinema



Kila mtu aliyekulia kijijini amepata kumwona mtoto akichukua kijinga cha moto usiku na kukizungusha. Akikizungusha polepole, twaona kaa moja likisafiri gizani. Akikizungusha upesi, kaa halionekani tena; twaona pete nzima ya moto. Kijinga ni kile kile na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo, na mwendo umelidanganya jicho.

Sinema imejengwa juu ya jambo kama hilo. Katika filamu hakuna kitu kinachokwenda. Kuna picha nyingi zilizosimama, kila moja ikipishana kidogo na iliyotangulia, nazo hupita mbele ya macho moja baada ya moja. Zikipita chache mno kwa nukta moja, yaani sekunde moja, twaziona moja moja. Zikifika kumi au kumi na mbili, akili huanza kuziunga, na mtu wa pichani hutembea. Basi swali letu la leo ni hili: ni picha ngapi zipite kwa nukta moja, na nani aliyeipanga hesabu hiyo?

Swali hili lamgusa zaidi mtu anayetengeneza sinema ya sanamu. Katika sinema hiyo mwendo haukuwako kamwe. Fundi huweka mezani sanamu ya udongo au ya mti, huipiga picha moja, huisogeza kwa upana wa punje ya mtama, huipiga ya pili, huisogeza tena. Mnamo mwaka 1910 Ladislas Starewicz, aliyekuwa akiishi Lithuania, alitaka kupiga sinema ya mende wakubwa wenye pembe wakipigana. Taa zilipowaka, wadudu wakaduwaa wasipigane. Akachukua wadudu waliokufa, akawatia miguu ya waya, akawasogeza kidogo kidogo mbele ya kamera. Wafu wakapigana. Fundi wa namna hiyo hupiga picha chache tu kwa saa nzima, na kosa la hesabu laweza kumpotezea kazi ya mwezi.

Sasa tutazame hesabu hizo zilitoka wapi. Tarehe 28 Desemba 1895, huko Paris, ndugu wawili waitwao Lumière walionyesha sinema kwa watu waliolipa kiingilio. Mashine yao ilizungushwa kwa mkono, na picha zilipita kama 16 kwa nukta. Hesabu hiyo ilifaa kwa sababu mbili: ilitosha kulidanganya jicho, na haikula filamu nyingi, maana filamu ilikuwa ghali. Lakini mkono wa mtu si saa. Mpiga picha mmoja alizungusha upesi, mwingine polepole, na mwonyeshaji naye akazungusha apendavyo. Ndiyo sababu katika filamu nyingi za zamani twaona watu wakitembea mbio mbio kama kuku: zilipigwa kwa mwendo mmoja zikaonyeshwa kwa mwingine.

Kisha ikaja sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sinema za Marekani zilianza kusema, na mambo yakageuka. Jicho husamehe mwendo ukipanda au kushuka kidogo, sikio halisamehi. Sauti ya mtu ikiharakishwa hulia kama ya ndege. Ikicheleweshwa huvuma kama ya ng'ombe. Basi wakaweka kanuni moja, picha 24 kwa nukta, na injini ikachukua kazi ya mkono.

Mambo hayo hayakuwa mbali na kwetu. Tangu mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham waliongoza kazi ya kutengeneza sinema za mafundisho kwa Waafrika, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Filamu yao moja ilihusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, na maneno waliyatia katika santuri, ili picha zile zile zipate kusemewa kwa lugha mbalimbali.

Filamu ya milimita 16 ina picha 40 kwa kila futi. Futi 400 basi ni picha 16,000. Zikipita 16 kwa nukta, onyesho huchukua dakika 16 na nukta 40. Zikipita 24, huisha kwa dakika 11 na nukta 7. Filamu ni moja, lakini zaidi ya dakika tano zimetoweka. Na ikiwa santuri inasema kwa mwendo wake na picha zinakwenda kwa mwendo mwingine, mkulima atainua jembe wakati msemaji anataja mavuno.

Hapa hatuna budi kusema neno moja la haki. Wengi wa watengenezaji wa sinema za kikoloni, na hasa William Sellers, aliyeongoza idara ya filamu za makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939, walishika kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema isipokwenda polepole sana. Wao waliazimu urefu wa kila kipande cha filamu, si hesabu ya picha kwa nukta. Lakini shina la mambo hayo mawili ni moja, maana yote mawili ni kumpimia mtazamaji mwendo. Nasi twauliza: watu ambao mpigo mmoja ukikosewa ngomani hugeuka wote kumtazama mpigaji, je, ni watu wa kufundishwa mwendo? Mwendo wa sinema upimwe kwa kitu kinachoonyeshwa. Usipimwe kwa dharau.

Hesabu ya tatu ni 25, nayo ina jamaa karibu na Kidodi. Televisheni ilipoanza kurushwa kwa ratiba London mwaka 1936, mafundi walifuata mpigo wa umeme wa Uingereza, ambao ni 50 kwa nukta. Wakachagua nusu yake, picha 25, ili taharuki ya umeme isitambae juu ya kioo. Marekani umeme hupiga 60, nao wakachagua 30. Umeme wa Tanzania hupiga 50, na televisheni yetu ikafuata 25. Wanafunzi wa Kidodi wakitaka kujua mpigo huo hutoka wapi, wavuke mto Ruaha Mkuu waende Kidatu, ambako mitambo ya umeme wa maji ilianza kazi mwaka 1975.

Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kupiga sinema ya sanamu, na programu ya kukata na kuunga picha humwuliza mtu achague: 12, 15, 24, 25 au 30. Wengi hubonyeza tu. Tufanye mfano. Bibi kizee wa udongo anatoka kinuni kwenda mlangoni kwa hatua sita, kila hatua nukta moja. Kwa picha 12 kwa nukta, zatakiwa picha 72. Ukiisha kuzipiga, kisha wakati wa kuunga ukachagua 24, bibi atafika kwa nukta tatu, akikimbia kama kijana aliyeitwa mpirani. Ukichagua 8, atafika kwa nukta tisa, akijikokota kama mgonjwa. Bibi hakubadilika, aliyemgeuza ni mwungaji wa filamu.

Kwa hiyo mafundi wengi hufuata njia hii. Filamu huachwa iende kwa 24, lakini kila picha hushikwa mara mbili, na sanamu husogezwa mara 12 tu kwa nukta. Sinema ya dakika tano ingetaka picha 7,200. Kwa njia hii zatosha 3,600. Jiwe likirushwa, au ndege akipiga mbawa, ndipo hupiga picha mpya kila mara, maana kitu chepesi kikishikwa mara mbili huonekana kikiruka-ruka. Na kama kazi itaonyeshwa kwa 25, ni vema kujua hayo mapema. Picha 12 haziingii sawasawa katika 25. Moja itashikwa mara tatu, na kitu kinachokwenda taratibu kitaonekana kujikwaa mara moja kila nukta.

Basi yatupasa kuhesabu kabla ya kupiga picha ya kwanza. Mwanafunzi asiye na simu aweza kujaribu kwa daftari. Achore pembeni mwa kila ukurasa mtu anayetwanga, kila mara mchi ukipanda kidogo, kisha aziachie kurasa zipite chini ya kidole gumba. Kisha amwite mtu aliyekwisha kutwanga kwelikweli, amwulize kama mpigo ni ule. Akisema mchi wakimbia mno, aongeze kurasa.