Zaburi Zilizopita kwa Kadhi

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja, akashukia Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa. Safari ilikusudiwa kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakajenga hapohapo chini ya majabali.

Kiswahili walichotumia kusali kilikuwa na historia ambayo ingestahili kusimuliwa makanisani na misikitini pia. Steere alipokuwa akitafuta namna ya kutafsiri Zaburi, aliyejitolea kumsaidia ni Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja. Sheikh alianza kuzifasiri kutoka Kiarabu. Steere akaona lugha ile ni ya kisomi mno kwa msikilizaji wa kawaida, akashika njia nyepesi zaidi. Hata hivyo nyimbo za Wayahudi zilikuwa zimeshapita mikononi mwa Mwislamu kwa ajili ya Wakristo, na hilo linanigusa kuliko mabishano yote ya mihadhara.

Maandiko yenyewe nayo yalipita mikono mingi kabla ya kutulia: kinywa kwanza, wino baadaye. Magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana miaka ya 1940, yanaonyesha kuwa mpangilio wa Zaburi ulikuwa bado haujatulia. Nyaraka za Paulo za miaka ya 50 BK zimetangulia Injili zote nne. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta kwa Athanasio wa Aleksandria mwaka 367. Kurani nayo ilikaa kwanza vifuani mwa waliohifadhi. Mapokeo yanasema mahafidhi wengi walipouawa katika vita vya Yamama, Khalifa Abubakar alimwagiza Zaid bin Thabit aikusanye. Kisha Khalifa Uthman akasambaza msahafu mmoja.

Masasi nayo ilijua hofu ya kupoteza. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, waliivamia misheni, wakaua na kuteka watu. Kazi ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Wakati huohuo Uislamu ulikuwa ukipanda kutoka pwani kwa misafara na walimu wa vyuo vya Kurani. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikihimiza toba, ilisambaa upande wa Lindi hadi utawala wa Kijerumani ukaingiwa na wasiwasi.

Tafsiri nayo ikavuka mpaka wa dini kwa upande wa pili: mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa UMCA, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Waislamu hawakuridhika na maelezo yake, na wana haki. Mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akatoa Qurani Takatifu kamili, na aliyehifadhi sura ya Yasini utotoni akaweza kusoma maana yake kwa Kiswahili cha mwanazuoni wa dini yake.