Kutaja herufi za Kiingereza: Irabu moja yaweza kupotosha jina

MKENYA anapotakiwa kuendeleza jina lake ofisini au kwenye simu, aghalabu huzitaja herufi kwa majina ya Kiingereza, hata kama mazungumzo yenyewe ni ya Kiswahili au Dholuo. Mazoea hayo, yanayoanzia madarasa ya chini, huzaa makosa ya tahajia, hasa katika irabu.

Mji wa Oyugis, ulio kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu katika Kaunti ya Homa Bay, ni mfano mzuri. Jina lake likitajwa herufi kwa herufi huwa hivi: ou, wai, yuu, jii, ai, es. Anayeandika kwa kufuata sauti ana mitego mitatu mbele yake. Sauti ya 'y' husikika katika jina la U wala si katika jina la Y. G hutajwa kwa sauti ya J. Nayo I hutajwa 'ai'.

Asili ya mkanganyiko

Katika Kiswahili, jina la irabu ndiyo sauti yake: a, e, i, o, u. Dholuo, ingawa ina irabu tisa, huandikwa kwa herufi hizo hizo tano. Kiingereza ni tofauti. Kati ya karne ya 15 na ya 18, matamshi ya irabu ndefu za lugha hiyo yalibadilika sana, ilhali maandishi yalisalia karibu yalivyokuwa. Ndiyo maana leo A huitwa 'ei', E huitwa 'ii' na I huitwa 'ai'. Karani anayesikia 'ii' akiwa na masikio ya Kiswahili huandika I, na aliyemtajia alikusudia E.

Konsonanti pia zina matatizo yake. B, C, D, G, P, T na V zote huishia kwa 'ii'. M na N hukaribiana, na vivyo hivyo F na S. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na sehemu kubwa ya mvumo unaoitenga S na F huwa juu ya kiwango hicho. R kwa matamshi ya Uingereza husikika 'aa', kama irabu A ya Kiswahili. Z ni 'zed' kwa Waingereza na 'zii' kwa Wamarekani. Na kwa kuwa Dholuo haina sauti ya z, huenda ikatamkwa 'sed'.

Uzito wa herufi moja

Katika majina mengi ya Kijaluo, herufi ya kwanza hutambulisha jinsia. Otieno ni mwanamume aliyezaliwa usiku, Atieno ni mwanamke. Okoth na Akoth walizaliwa wakati wa mvua. Aidha, Ochieng' na Achieng' huhitaji ritifaa mwishoni, alama ambayo wengi huisahau wanapotaja herufi.

Jina likitofautiana katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kitambulisho cha taifa, mwenyewe hulazimika kuthibitisha kuwa hao wote ni mtu mmoja, mara nyingi kwa hati ya kiapo. Huo ni muda na gharama, na huenda nafasi ya kazi au ya masomo ikampita.

Njia ya kuepuka

Marubani walikwishalitambua tatizo hili. Mwaka 1956 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilianza kutumia orodha ya maneno badala ya herufi tupu: Alfa, Bravo, Charlie na kadhalika.

Raia anaweza kutumia majina ya miji anayoijua msikilizaji: A ya Ahero, E ya Embu, I ya Isiolo, O ya Oyugis, U ya Ugunja, G ya Garissa, J ya Juja, M ya Mombasa, N ya Nakuru. Kisha amwombe karani amsomee alichoandika, herufi kwa herufi. Ikiwezekana, aandike jina mwenyewe kwa herufi kubwa au aonyeshe kitambulisho, na alikague kabla ya kutia sahihi.