Waingereza na Dola Yao: Kutoka Mafeking hadi Hola

Mei 1900, habari za kukombolewa kwa Mafeking zilipofika London, watu walifurika barabarani kwa nderemo. Mwaka uliofuata Emily Hobhouse alifichua mateso ya wanawake na watoto wa Kikaburu katika kambi za Waingereza, Afrika Kusini. Wengi walimwita msaliti. Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa Hola, Kenya. Safari hii Enoch Powell, mhafidhina aliyewahi kuihusudu dola, alisimama bungeni kulaani. Fahari haikufa lakini: kura ya maoni ya YouGov, 2014, iliikuta kwa asilimia 59, ya 2019, kwa 32. Walioona aibu walikuwa 19 mara zote mbili. Fahari imepungua, toba haijaongezeka. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.