Shamba Kama Kimbilio: Utubora Mkulima na Historia ya Kitale na Bungoma

Swali la iwapo fedha huleta furaha ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili. Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi wake, Shaaban Robert anamchora mhusika anayeiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima Busutamu. Ni rahisi kuisoma hatua hiyo kama suala la maadili ya mtu binafsi: anayeushinda uchu wa mali huipata raha. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji huo hautoshi. Historia ya Kitale na Bungoma inadhihirisha kuwa shamba haliko nje ya ubepari; lenyewe ni mtaji, na bei ya mazao yake aghalabu hupangwa na wengine.

Tuanze na Trans Nzoia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi kubwa ya eneo hilo iligawiwa walowezi wa Kizungu, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Miongoni mwa waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwamo Wabukusu wengi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amtumikie mwenye shamba kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Upande wa Bungoma, Wabukusu nao walilima mahindi ya kuuza. Hata hivyo, udhibiti wa mahindi ulioanzishwa mwaka 1942 ulimhakikishia mlowezi bei iliyozidi ya mkulima Mwafrika. Zao lilikuwa moja, bei zikawa mbili. Tofauti hiyo haikutokana na soko huria, bali na sheria.

Kwa mintarafu hii, Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde haielezeki kwa imani peke yake. Wito wake kwamba Wazungu waondoke uligusa pia umiliki wa ardhi. Tarehe 10 Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, na watu 11 wakauawa. Mwaka huohuo dini hiyo ilipigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa Lamu.

Uhuru haukulifuta tatizo. Mashamba mengi ya walowezi yaliuzwa, hayakurudishwa bure. Aliyekuwa na fedha, au aliyeweza kupata mkopo, alitangulia. Bungoma nayo ilipata viwanda: cha karatasi huko Webuye, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974, na Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoundwa mwaka 1975. Kiwanda cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Nzoia kililimbikiza madeni ya wakulima wa miwa, na mwaka 2025 Serikali ikakikodisha kwa kampuni binafsi.

Huenda ikajengwa hoja kwamba ubepari huohuo uliwanufaisha wakazi. Hoja hii ina uzito. Mbegu chotara zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964 ziliongeza mavuno, na fedha za mahindi na miwa zimelipa karo, zikaezeka nyumba mabati na kununua dawa. Kumwambia mzazi wa Bungoma kwamba fedha haileti furaha, ilhali mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ni kumkejeli. Utubora aliweza kuukataa mshahara kwa sababu alikuwa akiupokea. Mkulima ambaye hajalipwa miwa yake hana cha kukataa.

Kwa hiyo, swali la maadili ya ubepari halijibiwi kwa kuupima moyo wa tajiri wala subira ya maskini. Linajibiwa kwa mambo yanayoonekana: nani hupanga bei, malipo hufika lini, na hati ya ardhi iko mikononi mwa nani. Palipo na haki katika mambo hayo, fedha huweza kuwa msingi wa utulivu. Pasipo na haki, nasaha ya kutosheka humfaa zaidi mdaiwa kuliko mdai. Mhakiki wa Utubora Mkulima, au wa Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambayo mhusika wake mkuu anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale, hana budi kuyauliza maswali hayo kabla ya kuisifu furaha ya shambani.