Watu wa Pango na Watu wa Barafu



Kijana mmoja wa hapa Ifakara amenitumia video ya Wamarekani wanaogandisha maiti zao, wakitaraji sayansi ya baadaye itawaamsha. Akaniuliza: "Sheikh, kama pesa ipo, ubaya uko wapi?" Nilimwambia nitamjibu hapa ili nanyi mfaidike.

Ndugu zangu, jambo hili si la jana. Profesa James Bedford alifariki California Januari 1967, na mpaka leo mwili wake umo ndani ya tangi la naitrojeni huko Arizona, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hajaamka, wala hajaamka mwenzake yeyote. Wafugaji mtasema mbona mbegu za dume la ng'ombe hukaa kwenye naitrojeni hiyohiyo miaka mingi, na ndama akazaliwa? Kweli. Lakini mbegu ni kitu kidogo mno. Mtu mzima akiganda, barafu humchanachana ndani kwa ndani.

Na tangi linakula pesa. Naitrojeni hupotea hewani, lazima iongezwe daima, kwa hiyo huwekeza fedha ili faida ilipe gharama vizazi na vizazi. Huko Chatsworth, California, miaka ya 1970, fedha zilikatika. Miili ikaoza.

Tuwakumbuke Watu wa Pango, katika Suratul Kahf. Allah aliwalaza miaka 309. Walipoamka wakamtuma mwenzao na fedha yao akanunue chakula, na wafasiri wanaeleza kwamba sarafu ile ndiyo iliyowafichua: mfalme wake alishakufa zamani. Hao walilindwa na Mola Mwenyewe, na bado fedha yao ilipitwa na wakati! Wewe shilingi mia ya mwaka 1990 inakununulia nini leo?

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1956 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ndogo hapa Ifakara, kuchunguza maradhi ya bonde letu. Hakuwa Muislamu, lakini haki ya mtu husemwa. Wakaja wengine, wakaja vijana wetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kituo kile kilisambaza Kilombero na Ulanga vyandarua vya dawa, mnavikumbuka, "Zuia Mbu". Utafiti uliotolewa 2001 ulionesha kuwa vyandarua vile viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Geigy alikuwa ameshafariki 1995. Watoto wale ndio leo wananipigia simu niwafungishe ndoa.

Basi kijana wangu, maiti tumeamrishwa kumharakisha kaburini, hilo halina mjadala. Kuwekeza kwa muda mrefu hakuna ubaya, ikiwa hamna riba. Sayyidna Umar alilifanya wakfu shamba lake la Khaybar: ardhi isiuzwe, mazao yaende kwa wahitaji. Kama pesa ya tangi unayo kweli, njoo baada ya Alasiri tuongee habari ya kisima cha madrasa.

Wallahu a'lam.