Waliotoa sura zao

Wasee, kabla mniwashie moto, someni hadi mwisho. Mimi si Mwislamu na sijawahi kuwa. Hii stori niliipata mwaka nilioacha chuo, nikiwa na muda mwingi na bando kidogo.

Inaanzia kwa jarida la Ujerumani, Stern. Juni 1971 wanawake 374 walitangaza humo kwamba wamewahi kutoa mimba, na jalada likajaa sura zao. Wakati huo ilikuwa ni kosa la jinai. Yaani walijishtaki wenyewe, majina na yote.

Februari 2007 Mina Ahadi aliazima mbinu hiyo hiyo. Alizaliwa Iran, mume wake aliuawa na serikali baada ya mapinduzi, akatoroka, mwishowe akafika Cologne. Yeye na wenzake walianzisha Baraza Kuu la Waliokuwa Waislamu, wakatoa picha zao na ujumbe: tumeiacha dini. Hata jina lilikuwa la uchokozi, kwa sababu tayari kulikuwa na Baraza Kuu la Waislamu. Ahadi alikataa lizungumze kwa niaba ya kila mtu aliyetoka nchi za Kiislamu. Vitisho vikaja, akawekewa polisi.

Juni mwaka huo huo Maryam Namazie akazindua baraza la Uingereza. Uholanzi ilikuwa Ehsan Jami, diwani wa miaka 22. Manze, 22! Rika langu. Alipigwa hata kabla kamati yake izinduliwe. Halafu akaandika makala pamoja na Geert Wilders, mwanasiasa aliyetaka Kurani ipigwe marufuku, na kwangu hapo ndipo aliharibu. Huwezi kudai uhuru wa kuacha kitabu ukiwa umekaa na mtu anayetaka wengine wakatazwe kukisoma. Namazie aliliona hilo mapema, amekuwa akiwapinga hao wa mrengo wa kulia miaka yote. Kamati ya Jami ilifungwa 2008, akisema watu wanaogopa kujiunga.

Mtandao ukabadilisha mchezo. Marekani kundi la 2013, Ex-Muslims of North America, lilikuwa linamhoji mtu kwanza kabla ya kumwalika kwa mkutano. Novemba 2015 ikaja #ExMuslimBecause na maelfu wakaandika sababu zao. Wengi walificha majina. Waislamu wengi waliumia, wakaona ni matusi tu, na kusema ukweli zingine zilikuwa matusi. Lakini zingine zilikuwa ni mtu anasema hajaongea na babake tangu amwambie.

Nina beshte mmoja hapa Nairobi mwenye akaunti mbili. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa uhuru wa kuamini au kutoamini, na serikali wala haimsumbui. Kinachomtisha ni asubuhi ya Idd, mamake akimwuliza mbona hajavaa kanzu.

Nilimtumia hii aisome kwanza. Alisema ni sawa, ila nitoe jina la mtaa wao. Nimelitoa.